Nyangumi wa Shungi na Mtoto wa Vuai

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, nyangumi walipita karibu na nchi kavu kila mwaka wakati wa baridi, na watu wa mji ule hawakuwaua. Hawakuwa na huruma kuliko wengine. Nyangumi akifia ufukweni hunuka miezi miwili, visima vya pwani vinaharibika na watoto wanaharisha. Kwa hiyo nyangumi akikwama mchangani kazi ilikuwa moja: kumrudisha baharini akiwa hai, maji yakijaa.

Lakini nyangumi si wa aina moja. Yuko wa buluu, mkubwa kuliko wote, ambaye pumzi yake hupanda wima, ndefu kama mnazi. Yuko muuaji, mweusi na mweupe, mwenye pezi lililosimama mgongoni. Yuko wa nundu, mwenye vikono virefu, ambaye hana meno bali nyuzi ngumu kama ufagio za kuchujia chakula. Na yuko yule ambaye watu wa Shungi walimwita kichwa-gogo, kwa kuwa kichwa chake ni thuluthi ya mwili na mbele ni butu kama gogo lililokatwa. Huyo ana meno kwenye taya la chini.

Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kusukumwa. Watu wa Shungi walifundishwa hivi: mwenye meno anauma, kaa nyuma yake. Asiye na meno anapiga kwa mkia, kaa ubavuni karibu na kichwa. Mimi sijui kama ni kweli. Mkia wowote wa ukubwa ule ningeuogopa. Lakini ndivyo walivyofundishwa, na kwa miaka mingi hakufa mtu.

Kwa hiyo jina lilitangulia kazi. Na elimu ya majina waliigawa makusudi kwa wanawake watatu, ili asitokee mmoja wa kuutawala mji kwa mdomo wake. Mwatime alijua pumzi. Mize alijua mgongo na mkia. Shumbana alijua kinywa. Kila mmoja alirithi fungu lake kwa mama yake. Sharti lilikuwa kila mmoja alichunguze fungu lake mwenyewe, kwa jicho au kwa mkono, kisha ataje jina mbele ya watu. Majina matatu yakilingana, wanaume wanaingia majini. Yasipolingana, wote watatu wanarudi kuangalia upya.

Kulikuwa na sharti la pili. Jina likikosewa na mtu akafa, mtoto wa marehemu analelewa na aliyekosea, mpaka awe mtu mzima. Sharti hilo halikuwahi kutumika. Watu walilisema tu, kama wanavyosema mambo mengi.

Asubuhi moja nyangumi akakwama. Alilala kwa tumbo kwenye mchanga, kichwa kimezama mpaka mdomoni, vikono vimefukiwa, mkia umebaki ndani ya maji. Maji yangejaa saa sita.

Mwatime alikuwa jikoni anachoma maandazi. Jirani akamgongea.

"Bi Mwatime, nyangumi kakwama! Unaitwa."

"Nimemwona alfajiri nilipotoka kumwaga majivu. Pumzi yake fupi, imeinama mbele, upande wa kushoto. Kichwa-gogo huyo. Kawaambie."

"Hushuki?"

"Nishuke, na mafuta yapo motoni? Nina wajukuu saba humu ndani, kila mmoja na tumbo lake. Nimekwambia nimemwona."

Na kweli alimwona. Kichwa-gogo ana tundu moja tu la pua, liko kushoto, na hakuna mwingine anayepumua hivyo. Ila nyangumi aliyemwona yeye alikuwa baharini, na aliyekwama mchangani alikuwa mwingine. Angeshuka, angeona matundu mawili.

Mize alikuja na kitoto kifuani. Alikuwa na siku kumi na tisa tangu ajifungue, na mila ya Shungi ilikuwa kwamba mzazi haingii maji ya bahari kabla ya siku arobaini. Akasimama pakavu. Mgongoni mwa nyangumi akaona kinundu kidogo, lakini kinundu wanacho wote wawili, wa nundu na kichwa-gogo. Ukweli ulikuwa chini ya mkia: wa nundu ana mabaka meupe huko. Na mkia ulikuwa hatua thelathini ndani ya maji ya mapajani.

"Bi Mwatime kasemaje?" akauliza.

"Kichwa-gogo," akasema yule jirani.

"Basi ni kichwa-gogo. Mgongo wake nauona."

Shumbana ndiye aliyepiga magoti. Alifukua mchanga, akapenyeza mkono mdomoni mwa nyangumi mpaka begani, akapapasa. Hakuna meno. Akagusa nyuzi, ngumu, zimepangana. Akajua ni wa nundu. Akasimama, mchanga umemjaa mpaka sikioni.

"Haya, Bi Subirini," mtu akasema. "Na leo tusubiri?"

Watu wakacheka. Jina hilo lilikuwa na asili yake. Miaka miwili nyuma Shumbana aliwapinga wenzake peke yake, akasema subirini, akawarudisha wote kuangalia upya, na yeye ndiye aliyekuwa amekosea. Wakati wanabishana maji yakapwa. Nyangumi akafa, akanuka, visima vikaharibika. Wakazikwa watoto wachanga wanne. Mama za watoto hao walikuwa pale ufukweni asubuhi ile, wanamtazama.

Shumbana akapangusa mkono kwenye kanga. Akasema, "Wenzangu wameshasema."

Hilo halikuwa jina. Lakini watu walilipokea kama jina, wakaanza kujifunga viuno.

Alipokuwa anaondoka akapita karibu na Vuai. Vuai alikuwa mgane, mtu wa kuja, hana ndugu Shungi. Mke wake alifia uzazini. Alikuwa na binti mmoja wa miaka sita, Raya, ambaye wakati huo alikuwa amemshika shati.

"Vuai," akasema Shumbana kwa sauti ya chini, "usikae mkiani. Nimepapasa. Hana meno."

Vuai akacheka. "Wawili wamesema, dada. Na wewe hukukataa."

Akaenda mkiani na wanaume wengine saba, kwa kuwa mwenye meno unakaa nyuma yake.

Saa sita maji yakajaa. Nyangumi akahisi maji chini ya tumbo, akainua mkia mara moja tu. Ulipopanda, kila mtu aliyekuwa pale aliona mabaka meupe. Wanaume saba walirushwa pembeni. Vuai alikuwa katikati. Nyangumi akateleza, akageuka, akaenda zake. Hakutazama nyuma, na kwa nini atazame.

Wakamzika Vuai alasiri. Baada ya maziko sheha, mkuu wa mji, jina lake Makame, akawaita wanawake watatu barazani kwa marehemu. Alikuwa mmoja wa wale saba, bega limevimba, na hakuwa na hamu ya maneno mengi.

"Sharti mnalijua," akasema. "Nani amchukue mtoto?"

Raya alikuwa amekaa ngazini, anawasikia.

Mwatime akasema: "Mimi sikusema uongo. Nilisema nilichokiona. Pumzi imeinama kushoto, ni kichwa-gogo, hata kesho nikiulizwa nitasema hivyo hivyo. Kama bahari ilikuwa na nyangumi wawili, hilo si kosa la macho yangu. Na tumewekwa watatu kwa nini? Ili mmoja akiteleza wawili wamshike. Sikushikwa. Isitoshe nina saba nyumbani. Anayeniletea wa nane anioneshe pa kumlaza. Nimlaze juu ya paa?"

Mize akasema: "Mimi nina siku kumi na tisa. Damu bado inanitoka. Nani hapa angeniruhusu niingie majini? Mngenirudisha kwa makelele. Mila moja inanizuia nisiende, mila nyingine inanihukumu kwa kutokwenda. Nifuate ipi?"

"Ungesema hujaona, mwanangu," akasema Mwatime. "Neno moja tu."

"Na wewe ungeepua karai, mama. Karai moja tu."

"Nyamazeni," akasema sheha. "Shumbana."

Shumbana akasema: "Katika sisi watatu, mimi peke yangu ndiye niliyefanya kazi yangu. Niliingiza mkono. Sikutaja jina la uongo. Sikutaja jina lolote. Na Vuai nilimwonya."

"Ulimwonya!" akasema Mize. "Nani alisikia? Shahidi wako tumemfukia sasa hivi."

"Nilimwonya."

"Basi ndiyo vibaya zaidi. Mimi na Bi Mwatime tulikosea hatujui. Wewe ulijua. Ulijua, ukaona wanaume wanane wanakwenda mkiani, ukamnong'oneza mmoja."

"Nilinyamaza kwa sababu yenu. Ningesema subirini mngenifanya nini? Nani aliyeanza kuniita jina lile? Si wewe, Bi Mwatime?"

"Ni mimi," akasema Mwatime. "Nilikuwa nimetoka kumzika mjukuu."

Mjukuu wa Mwatime alikuwa mmoja wa wale wanne.

Sheha akajikuna bega. Akasema, "Marehemu naye alionywa, kama ni kweli. Akacheka. Lakini marehemu hawezi kulea." Akatazama upande wa nyumba ya Shumbana, na wengine wakatazama huko huko. Shumbana hakuwahi kupata mtoto, na mume alishamwacha. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na chumba kimoja kilikuwa na kitanda kisicholaliwa na mtu.

"Shumbana, wewe nafasi unayo."

"Nafasi si kosa," akasema Shumbana. "Mkitaka kunipa mtoto kwa sababu nina kitanda, semeni hivyo, nami nitajibu hilo. Lakini mnanipa kwa sharti. Akikua ataambiwa, huyu anayekupikia ndiye aliyemuua baba yako. Kila nikimkanya atanikumbusha. Nitamleaje mtoto wa namna hiyo?"

"Na sisi je?" akasema Mize. "Akija kwetu hatatukumbusha?"

"Kwenu atasahau. Kwenu kuna makelele."

Sheha akamgeukia Raya. "Mwanangu, wewe ulikuwa karibu na baba. Huyu Shumbana alisema naye?"

Watu wakamtazama mtoto. Shumbana hakumtazama.

"Alisema," akasema Raya. "Alisema usikae mkiani. Baba akacheka."

"Una hakika?"

"Nilikuwa nimeshika shati."

Mwatime akashusha pumzi. Mize akamhamisha mtoto wake upande wa pili akaendelea kumnyonyesha. Ushahidi ulikuwa umepatikana, na haukusaidia kitu. Kwa Shumbana ulikuwa ni kumtoa hatiani, maana kweli alionya. Kwa wenzake ulikuwa ni kumtia hatiani, maana kweli alijua. Sheha naye hakuona njia. Akasema sharti halikutaja kosa la watu watatu, na mtoto hawezi kukatwa mapande. Akasema kumzungusha mwezi huku mwezi kule ni kumfanya mwombaji. Mlango lazima uwe mmoja.

Ndipo Raya akasema, "Nina njaa."

Hakuna aliyeinuka. Usidhani walikuwa na mioyo ya mawe. Mwatime alikuwa na maandazi kwenye ungo. Mize aliletewa uji wa mzazi asubuhi ile na sufuria ilikuwa nusu. Shumbana alikuwa na muhogo uliokwisha chemshwa. Lakini huko Shungi ilijulikana hivi: yeyote atakayekuwa wa kwanza kumlisha yatima wa namna ile amekiri. Akishampa tonge moja, maneno yamekwisha, mtoto ni wake na kosa ni lake, na mbele ya mji mzima ndiye aliyemuua Vuai.

Kisha Raya akasema tena, polepole zaidi, akidhani hawakumsikia: "Nina njaa."

Mmoja alimtaja nyangumi mwingine. Mmoja alitaja kwa macho ya mwenzake. Mmoja alijua, na hakutaja.

Je, nani alistahili kuinuka?