Mto wa Mbonea

Kwenye kikao cha kugawana maji, Mbonea, tajiri wa juu mlimani, aligonga meza. "Mto unaanza kupita kwangu, kwa hiyo ni wangu!"

Wakulima wa bondeni wakaguna. Bi Naetwe, muuza maandazi, akasimama akicheka. "Kweli kabisa, baba. Maji yote ni yako, yawe haba, yawe mengi, popote yalipo. Apa tu mbele ya watu."

Mbonea akaapa upesi, meno yote nje.

Wiki hiyo hiyo masika yakashuka. Alfajiri Naetwe akabisha mlangoni kwa Mbonea, matope hadi kiunoni, bonde zima nyuma yake.

"Mwenye mali, maji yako yamelala kitandani kwangu. Njoo uyachukue."

"Na kuku wangu yamewameza!" mwingine akadakia.

"Jamani," Mbonea akalia, "mto ni wetu sote!"

"Haya, tumekubaliana," Naetwe akasema, akamtupia ndoo. "Tuanze kuchota kwangu."