Mbuzi Aliyekonda

Mwaka ule wa ukame, kijani pekee kijijini kilikuwa bustani ya Bwana Ndahani. Siku moja, akimkwepa mbuzi wa jirani yake Sechelela, aliingiza gari mtaroni mbele ya geti lake mwenyewe.

"Ni yule aliyekonda, mbavu nje!" alifoka. "Trafiki akija, namchukua mbuzi huyo awe fidia! Mbuzi wako wote ni ushahidi, asiwaguse mtu!"

"Sawa, mzee," alisema Sechelela. "Ila tutandaze matawi barabarani kuonya magari, tusije tukagongwa. Nikate wapi?"

"Kata bustanini kwangu, haraka!"

Sechelela akakata, akatandaza. Mbuzi wakala.

"Wafukuze!"

"Si umesema wasiguswe, mzee? Nikate mengine?"

Lori lilikuwa linakuja kasi.

"Kata!"

Akakata, wakala, akakata tena. Trafiki alipofika jioni, bustani ilikuwa visiki vitupu.

"Mbuzi aliyesababisha ajali ni yupi?"

"Yule aliyekonda!" alisema Ndahani.

Trafiki aliwatazama mbuzi waliojilaza barabarani, matumbo kama ngoma.

"Aliyekonda yupi, mzee?"

Sechelela akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Huyo, afande, alikimbia baada ya ajali."