Kwa Nini Kumbikumbi Huja Nyumbani Mvua ya Kwanza

Kanyageni, wajukuu zangu, kanyageni. Miguu ifanye kazi, masikio yasikilize, maana udongo huu wa tofali una habari yake.

Zamani watu wa kwetu walikaa katika vibanda vya nyasi, na kumbikumbi hawakuijua njia ya kwa mtu. Kila masika mvua ilivilaza vibanda chini. Mwaka mmoja mwanamke aitwaye Nyamizi alimzika mtoto wake, aliyekufa kwa baridi ya mvua hiyo. Alipopata mimba nyingine, aliapa kwamba huyu hatalala penye maji.

Alifyatua tofali za udongo wa mtoni. Akazimwagia mtungi wa maji kuzijaribu, zikawa uji, na majirani wakacheka hadi wakashika mbavu. Nyamizi alilia. Alipofuta macho akakiona kichuguu nyuma ya kibanda, ambacho hakuna masika yaliyowahi kukiangusha.

Yeye na Ngasa mumewe wakakichimba, wakaponda, wakakanyaga pamoja na nyasi, wakafyatua na kuanika kivulini. Kuta zikapanda. Ulibaki upande wa mlangoni tu, jembe lilipofika moyo wa kichuguu. Humo alilala mama wa mchwa, mnene, hawezi hata kugeuka.

"Mwenzangu, nawe u mjamzito," akasema. "Kuta umechukua, sikugombi. Niachie chumba cha kuzalia."

"Piga jembe, mke wangu!" alisema Ngasa. "Wingu lile halimsubiri mchwa."

Nyamizi akalitazama wingu, akashika tumbo. Aliogopa sana. Kisha akakifunika taratibu chumba cha yule mama, na upande uliobaki akauziba kwa mkeka.

Mvua ya kwanza ikapiga hadi ikachoka. Nyumba ikasimama, na mtoto akazaliwa ndani yake, pakavu. Mvua ilipokatika, kumbikumbi wa kichuguu kile wakamiminika ndani kando ya mkeka, wakaacha mabawa mlangoni kama wageni wanaovua viatu. Ghala lilikuwa tupu.

"Mwenzangu kaniletea chakula cha uzazi," alisema Nyamizi.

Wakakaangwa. Aliyekula zaidi ni Ngasa. Msiniulize kama mgeni huliwa.

Na tangu siku hiyo kumbikumbi huja nyumbani mvua ya kwanza, kwenye udongo wao, na mtu wa kwetu hachimbi moyo wa kichuguu. Mtoto yule ndiye aliyemzaa bibi yangu. Kichuguu ni hiki hiki mnachokichimba, kimeota tena. Basi mkifika katikati, wekeni jembe chini.