Chungu cha Kwanza cha Atuganile

Hapo zamani, na wala si zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzi, nguzo za umeme zimeshafika kijijini na bomba la maji bado, alikuwepo mfinyanzi aitwaye Atuganile. Pande zile za Ziwa Nyasa hakuna mwanamke aliyemshinda kwa vyungu. Udongo aliukanda kwa kisigino, akaukanyaga mpaka ukalainika kama ugali wa muhogo. Kisha alikizunguka chungu kinyumenyume, akikiinua kwa viganja.

Siku moja kisigino kikagoma. Akishuka kitandani asubuhi, hatua ya kwanza ni msumari. Akapaka mafuta, msumari. Akafunga majani, msumari. Akameza vidonge vya dukani, msumari uleule. Miezi minane hakufinyanga hata kikombe, na mfinyanzi asiyefinyanga ni mwanamke aliyekaa tu.

Lugano, mke wa mwanawe, akasema, "Mama, twende hospitali ya mjini. Kuna mashine."

"Ya kusaga?"

"Ya kugonga."

"Nigongwe tena? Maisha hayajanigonga ya kutosha?"

Akaenda hivyo hivyo, anachechemea, anasonya.

Mtaalamu wa viungo aliitwa Ambakisye, mwanamume wa sauti laini na mkono mgumu. Akampaka majimaji ya kuteleza, akashika chombo kama bunduki fupi isiyo na risasi, akakikandamiza kisiginoni. Ta-ta-ta-ta-ta!

"Mama, maumivu ni mangapi kati ya moja na kumi?"

"Mimi sikukaa darasani, baba. Yanauma kama kuletewa mke mwenza na kuambiwa umpikie."

"Basi ni nane," akasema Ambakisye, akaandika. "Kano ya unyayo imechakaa, mama. Mashine inatuma mishindo mpaka ndani, mwili ushtuke, uanze kujitengeneza wenyewe."

Atuganile akakumbuka chungu kibichi kinavyopigwa kwa kibao ndipo ukuta wake ushikane. Akaacha kusonya.

"Utakuja mara nne, kila wiki mara moja. Na udongo usiukanyage kwa miezi miwili."

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Mara ya pili alipogongwa, msumari ukapungua kidogo, naye akaapa njia nzima ya kurudi: kesho nakanyaga! Kufika nyumbani, fungu lake la udongo lililolowekwa uwanjani chini ya majani ya migomba halipo. Jirani yake Subilaga, mfinyanzi mwenzake, alikuwa amelihamisha lote kwa karai, mchana kweupe. Na shimo la udongo lilikuwa limeshajaa maji ya masika. Atuganile akamtukana Subilaga na ukoo wake mpaka sauti ikakauka. Kisha akakaa chini. Angekanyaga nini?

Lugano naye hakumwacha apumue. Kila asubuhi, "Mama, mguu." Akamvuta vidole vya mguu kwa khanga. Akamsimamisha kizingitini, visigino vikining'inia. Panda, shuka. Panda, shuka.

"Mkwe gani wewe, unaniamuru kama mbuzi?"

"Mbuzi angeshapona, mama. Panda."

Mara ya tatu akagongwa. Mara ya nne akagongwa. Wiki zikapita, msumari ukafupika. Asubuhi moja Atuganile alishuka kitandani, akafika jikoni, akapuliza moto, ndipo akakumbuka kwamba ana kisigino.

Maji ya shimoni yalipokauka akachimba, akakanyaga, akafinyanga, akachoma.

Sasa, kwa wafinyanzi wale kuna desturi. Aliyerudi kazini baada ya kuugua, chungu chake cha kwanza kutoka motoni hakiuzwi. Hupewa aliyemsimamisha. Ni mtu mmoja tu, tena kabla chungu hakijapoa. Kikipoa mkononi mwa mwenyewe, wanasema ugonjwa hurudi kukifuata. Wanawake wakakusanyika. Ambakisye naye akaja, kwa kuwa alialikwa. Atuganile akakitoa chungu motoni kwa mti, chekundu, kizima.

Ambakisye akasema, "Mama, miezi minane ulipaka na kumeza, hukupona. Nimekugonga mara nne, umepona. Na kupumzika nilikuagiza mimi."

Lugano akasema, "Yeye alikushika mara nne, mimi asubuhi sitini. Nani alikupeleka? Nani alitukanwa kila siku akarudi kesho yake? Mashine ilikutana na kisigino. Mimi nilikutana na mdomo wako."

Subilaga akacheka. "Dada, mimi niliiba. Niliiba kwa wivu, nilitaka wateja wako, sikuficha. Lakini usingeukuta mtupu ule uwanja, ungekanyaga kesho yake, na mashine na kizingiti vyote vingekuwa kazi bure. Agizo la daktari ulilitupa njiani. Ukosefu wa udongo ndio hukuweza kuutupa. Nia mbaya ni yangu, mguu mzima ni wako."

Atuganile akakielekeza chungu kwa huyu, akakirudisha, akakielekeza kwa yule. Kila neno la watatu wale lilikuwa kweli, na chungu kilikuwa kinapoa.

Haya, nyie mliokaa hapo mnatafuna mahindi. Ukimpa mwizi, eleza utapataje usingizi, naye ni jirani yako. Ukimnyima, eleza kisigino kingepona vipi. Ukimpa mwenye mashine, utamtazamaje mkweo kesho? Ukimpa mkwe, bila mashine angevuta vidole vile mpaka lini?

Je, mkono upi ulistahili chungu kile?