Mistari Iliyojazwa Asubuhi

Mwanamke mmoja alikuwa na mgongo ambao hakuweza kuugeuza mwenyewe. Jina lake Subilaga. Kwa miaka mingi alikuwa akipika uji wa watoto wa shule, mpaka kiharusi kilipomkuta amesimama jikoni na mwiko mkononi. Tangu siku hiyo upande wake wa kulia ukawa kama si wake, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Hakuwa na ndugu wa karibu wa kumuuguza. Alilazwa kwenye wodi ya wanawake ya hospitali moja ya milimani, kitanda cha saba, na mgongo wake ukawa amana mikononi mwa wengine.

Hospitali hiyo ilikuwa na chuo cha uuguzi. Na kwenye uuguzi kuna sheria ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua: mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, ubavu huu, kisha chali, kisha ubavu ule. Asipogeuzwa, ngozi inakandamizwa hadi inaoza naye yu hai. Kila anapogeuzwa, aliyemgeuza huandika kwenye chati iliyotundikwa miguuni pa kitanda: saa, upande, sahihi. Kuna na sheria ya pili, nayo ishikeni vizuri, tutairudia. Muuguzi akikosea kuandika, hafuti. Hupiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lile lililoandikwa liendelee kusomeka, kisha huandika neno "kosa" na kuweka sahihi yake.

Asubuhi mgongo ule ulikuwa wa Tusekile. Mchana ulikuwa wa Melania, na kila zamu ilikuwa na chati yake. Wote wawili walikuwa mwaka wa tatu, na walikuwa wakikaa bweni moja.

Tusekile hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, maana najua tunavyopenda wakosaji wawe watu wabaya, ili tusifanane nao. Siku ya kwanza alimgeuza bibi Subilaga saa mbili asubuhi, akaandika. Kwa kuwa kalamu ilikuwa tayari mkononi, akajaza na mstari wa saa nne, na wa saa sita, na wa saa nane, akijua atarudi. Na kweli alirudi, mara zote. Siku ya pili alirudi mara mbili. Ilipofika wiki ya pili, alikuwa akiingia wodini, anampa bibi shikamoo kwa adabu zote, anamuuliza ameamkaje, anamnyooshea shuka, anajaza mistari minne kwa mwandiko wake mzuri, halafu anakwenda maktaba. Huko alikuwa na kazi kubwa. Alikuwa anaandika insha ya kuombea nafasi kwenye tawi la Jumuiya ya Heshima ya Wauguzi, ambalo kila mwaka huchagua wanafunzi wanane tu. Kichwa cha insha yake kilikuwa "Mgonjwa Kwanza."

Chati ya Melania, kwa upande wake, ilikuwa aibu tupu. Ilikuwa na madoa ya dawa na mistari ya makosa. Mahali pengine aliandika, "Saa kumi na dakika ishirini na tano. Nimechelewa." Mahali pengine aliandika, "Sikumgeuza. Nilimpeleka mgonjwa wa kitanda cha tatu upasuaji." Na siku moja aliandika, "Ngozi ya kiunoni ni nyekundu. Nadhani asubuhi hakugeuzwa."

Wekundu ule ukawa lengelenge, na lengelenge likawa kidonda. Mwalimu Nsajigwa, aliyekuwa akisimamia wanafunzi wodini, aliziweka chati mbili mezani kutafuta mkosaji. Moja ilikuwa imejaa, safi, sahihi sitini bila pengo. Nyingine ilikuwa na mapengo, na mwenye mapengo ndiye aliyekuwa akimtuhumu mwenzake. Hukumu haikuchukua muda. Melania aliandikiwa barua ya onyo, akaambiwa atarudia muhula mzima wa wodi, na jina lake likakatwa kwenye orodha ya wanaofikiriwa na tawi. Alisimama pale akasikiliza, mikono nyuma. Hakulia. Jioni aliporudi bwenini alimkuta Tusekile amejifunika shuka hadi kichwani, kama mtu mwenye homa.

Tusekile alijua. Lakini kujua kuna vyumba vingi, naye alikaa kwenye kile cha mbali kabisa na mlango. Alijiambia huenda ni mapengo ya Melania kweli. Alijiambia ngozi ya mzee ni nyepesi. Kidonda chenyewe hakuwahi kukitazama, kwa kuwa kilikuwa kikisafishwa na wauguzi wa zamu, na yeye kila walipofika na trei alikuwa na shughuli upande wa pili wa wodi.

Habari ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo: wanane wamechaguliwa, na wa kwanza ni Tusekile. Chini ya habari hiyo waliandika kwamba chati yake ya kugeuza mgonjwa imewekwa kwenye fremu ya kioo katika chumba cha mazoezi, iwe mfano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alipongezwa kila alikopita. Walikuwa wanamvika kilemba cha ukoka, na wenyewe hawakujua. Yeye peke yake ndiye aliyejua ni ukoka.

Sasa, tawi lile lina desturi yake. Beji haivishwi na mkuu wa chuo, wala na mgeni rasmi. Kila anayeingia huvishwa na mgonjwa aliyemhudumia. Waanzilishi waliona kwamba anayejua muuguzi ni nani ni yule aliyelala, si yule aliyesimama. Kwa hiyo siku ya sherehe bibi Subilaga aliletwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Na aliyekisukuma alikuwa Melania, kwa sababu mkuu wa wodi aliona hakuna mwingine anayejua namna ya kumkalisha bibi, mto huku, mto kule, asikilalie kidonda chake.

Mama yake Tusekile alikuwa amesafiri tangu alfajiri kuja kumwona mwanawe. Jina lilipoitwa alipiga vigelegele hadi watu wakageuka. Tusekile akapanda jukwaani, akapiga magoti mbele ya kiti. Bibi alikuwa na mkono mmoja tu wa kutumia, wa kushoto, na ulikuwa ukitetemeka, ikabidi binti amsogelee karibu sana. Hapo ndipo harufu ya kidonda ilipompata. Bibi aliichomeka pini ya beji kwenye kitambaa cheupe cha sare, polepole, kisha akasema kwa sauti ambayo ilitosha masikio ya mtu mmoja:

"Mjukuu wangu, kila asubuhi nilikuwa nasikia kalamu yako ikinigeuza."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ingekuwa nafuu. Alilisema kama mtu anayekiri jambo lake mwenyewe, kana kwamba kosa ni la mgongo kuwa mzito. Kisha akaongeza, maneno yakitoka moja moja, kwamba alinyamaza kwa sababu binti alikuwa anamsalimia vizuri, na yeye hakuwa na mwingine wa kumsalimia asubuhi.

Ukumbi ukapiga makofi. Tusekile akainuka, uso ukimwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haina haraka na watu wa namna hiyo. Nawaombeni msidhani kwamba aliivua beji palepale. Hakuivua. Aligeukia mpiga picha, akatabasamu. Alikula pilau. Alimsindikiza mama yake stendi, na mama alipoigusa ile beji kwa kidole na kusema, "Mwanangu, umenitoa kimasomaso," alijibu, "Asante, mama." Jibu lile lilimtia haya kuliko yote yaliyotangulia.

Jumatatu picha ikawa kwenye ubao. Wanafunzi walijaa kuitazama, na Tusekile akasimama nyuma yao. Kwenye picha yeye alikuwa anatazama kamera. Bibi alikuwa anamtazama yeye. Na Melania, ambaye nusu ya uso wake ilikatwa na ukingo wa picha, alikuwa ameinama anarekebisha mto nyuma ya mgongo wa bibi. Katika watu watatu, mmoja tu ndiye aliyekuwa kazini. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, na huyu alikuwa amesoma maradhi miaka mitatu asiyaone yake.

Akaenda kwa mwalimu Nsajigwa, akamwomba waende pamoja chumba cha mazoezi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa mle, wakinakili chati yake kwenye madaftari yao. Aliishusha fremu, akaitoa karatasi, akaiweka mezani. Kisha akachukua kalamu na kufanya alivyofundishwa. Hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya saa nne, akaandika "kosa," akaweka sahihi. Akapiga juu ya saa sita. Akapiga juu ya saa nane. Katika chumba kizima ilisikika kalamu tu. Alipofika kwenye mistari ambayo hakukumbuka kama aligeuza au hakugeuza, mkono ulisimama. Mtu aliyemgeuza binadamu angekumbuka. Akaipiga mstari nayo.

Kati ya sitini, ilibaki kumi na moja.

Mwalimu Nsajigwa alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Macho hakuyainua kwa muda mrefu, maana yeye alikuwa na wodi nzima ya kutazama, na alichagua kutazama karatasi. Barua ya Melania ilitolewa kwenye faili lake siku ileile. Beji ilirudishwa kwa tawi, na muhula wa wodi ukarudiwa na aliyestahili kuurudia. Mama alipigiwa simu. Akauliza kama huyo bibi ana mtu wa kumpelekea uji.

Lakini kidonda hakijui kusoma. Mistari ya makosa haikukipunguza hata upana wa ukucha. Kiliendelea kusafishwa kila siku, na kila siku bibi aling'ata meno. Watu hudhani toba ikishatoka mdomoni jambo limekwisha. Toba ya Tusekile ilikuwa imetoka, na mgongo wa bibi ulikuwa bado unauma.

Akaomba arudishiwe kitanda cha saba. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele ya bibi bila kumsalimia. Shikamoo ile aliyokuwa akiitoa kwa wepesi, sasa hakuona ana haki nayo. Bibi alimngoja. Mwishowe bibi akainua mkono wake wa kushoto, akauweka begani kwa binti, kama mtu anayejiandaa kuinuliwa. Melania, ambaye zamu yake ilikuwa bado, alikuwa amekuja mapema. Alimwonyesha tu mahali pa kuweka mikono, mmoja begani, mmoja nyongani, akakaa upande wa pili kupokea.

Tusekile akavuta, na akashangaa. Wiki tatu nzima alikuwa ameuandika mwili ule hata akausahau uzito wake.

Walipomaliza alikwenda kwenye chati mpya, yenye mistari myeupe mpaka chini. Akaandika, "Saa mbili na dakika kumi na mbili. Ubavu wa kushoto. Nimechelewa." Akaweka sahihi. Mistari iliyobaki akaiacha wazi, na kalamu akairudisha mfukoni.

Na wewe uliyekaa hapa leo, chati yako ikiwa imejaa na mwandiko wako ukisifiwa: ni saa zipi ulizozitia sahihi kabla hazijafika, na ni mgongo wa nani unaozibeba?