Pilau ya Mwenye Shughuli

Mwanamvua alikuwa mpishi wa shughuli, na hakuwa mtu wa kuchezewa. Tajiri Shaali alimwita apike pilau ya harusi ya bintiye, akampa sharti: "Mgeni akiondoka na njaa, hulipwi. Pilau ikibaki ya kutupa, hulipwi vilevile."

"Haya, bwana."

Wageni walikula wakashiba. Shaali akakimbilia jikoni, akafunua sufuria, akakuta pilau ya watu kumi.

"Nimekupata! Hii si ya kutupwa?"

"Wewe umeshakula?"

"Mwenye shughuli hula mwisho. Hujui?"

"Najua, ndiyo maana nimekuwekea. Nawa, bwana, umalize."

"Yote? Na daktari kanikataza mafuta!"

"Basi nilipe, niwapelekee majirani. Ama itupe mwenyewe, wageni wakuone."

Mkono wa Shaali, uliokuwa ukielekea kwenye bakuli la kunawia, ukageukia mfukoni.