Kiboko Aliyeleta Kinga ya Bure

Paukwa!
Pakawa!
Aliyekula?
Anajipangusa mdomo!
Asiyekula?
Anachungulia chungu!

Sogeeni. Kabla sijaanza, kuleni kiapo kwamba hamtamwambia mtu. Wewe wa nyuma, sijakusikia! Haya. Mimi mwenyewe niliapishwa na shoga yangu, nikaapa kwa mikono miwili. Ndiyo maana nimemwambia jirani wa kulia tu. Na wa kushoto. Na yule muuza mkaa. Sasa nawaambia nyie.

Hapo zamani, wanyama walipokwisha kuvutiwa umeme, Mama Kanga alikuwa na studio ya picha. Alikuwa na kompyuta moja, na ndani yake harusi zote za kijiji. Ndani yake pia imo picha ya marehemu mumewe, ambayo haipo mahali pengine popote duniani. Kila asubuhi huifungua, akaitazama, akafuta machozi, akaanza kazi.

Siku moja akaja Nungunungu mbio, miiba imemsimama.

"Mama Kanga wee! Kompyuta yangu imetekwa! Nimewasha tu, kioo pyuu, chekundu! Kimeandika: *Mafaili yako ninayo. Lete maboga bwawani, la sivyo huyaoni tena.* Nimepeleka maboga, na mpaka leo kimya!"

"Nani kaiteka?"

"Ningemjua ningekuwa hapa?"

Mama Kanga akaikumbatia kompyuta yake. "Uwii, marehemu wangu!" Akatangaza kwamba anatafuta kinga ya virusi, na atakayeileta atapikiwa sufuria nzima ya maboga ya nazi.

Akaja Kobe, kwata, kwata, na kinga ya dukani. "Hii inajulikana, mama. Ila kila asubuhi itakuomba uisasishe. Na picha zako uzinakili, uziweke na pembeni."

"Kila asubuhi? Mbona inachosha!"

Akaja Kiboko, tii! tii! tii! Flashi shingoni, laptopu kwapani. "Mama Kanga, yangu ni ya bure. Na mimi mwenyewe unaniona nilivyo. Kirusi gani kitapita hapa?" Akajipiga kifua, pu!

Watu waliokusanyika uwanjani wakaafikiana: mwenye mwili ule, kinga yake itakuwaje! Ya Kobe itamfukuza nani, na vimiguu vile? Ndivyo walivyochagua, kwa kutazama shingo ya mletaji.

Sasa Nguchiro, mdogo kama kifagio cha jikoni, alikuwa kaketi juu ya kinu. Mambo ya kompyuta hayajui, hata kuiwasha hawezi. Yeye kazi yake kutazama watu. Akamwona Kiboko anavyomeza mate, glu, glu, kila sufuria inapochemka.

Mama Kanga akaleta togwa. Akaonja kwanza yeye, ndipo akampa mgeni, asije mgeni akadhani katiliwa kitu. Nguchiro akaruka chini, pwa!

"Jamani, kwetu anayeleta togwa?"

"Huonja!"

"Anayeleta pombe?"

"Huonja!"

"Na anayeleta kinga?"

Wakatazamana. Kisha wote: "Huonja!"

"Basi shemeji Kiboko, onja. Si laptopu yako hiyo hapo?"

"Yangu haina haja."

"Onja, shemeji."

"Yangu ni nzima, haiumwi."

"Onja, shemeji. Au maboga huyataki? Mama Kanga, epua tugawane sisi."

Kusikia maboga yanagawanywa, akili ya Kiboko ikahamia tumboni. Akasema moyoni, nitaifungua kabla hawajaona kitu. Akachomeka flashi kwenye laptopu yake, chwi!

Kioo pyuu, chekundu! *Mafaili yako ninayo. Lete maboga bwawani...*

"Maneno yaleyale!" Nungunungu akapiga yowe.

Kiboko jasho chururu. Akainamia kibodi, na kwa vidole vile vinene ikambidi ataje kila herufi asikosee: "M... A... B... O... G... A... Y... O... T... E."

Kioo kikarudi cheupe. Akashusha pumzi. "Mnaona? Imepona."

"Imepona kwa neno gani, shemeji?" Nguchiro akauliza. "Rudia, kuna waliokaa mbali."

Nungunungu alikuwa kaja na kompyuta yake, kwamba Kiboko amtibie. Akaandika neno lilelile, kachu-kachu-kachu. Mafaili yake yote, pa! Haya hapa!

Uwanja mzima ukageuka. Mama Kanga akafunika sufuria. "Kobe baba, lete hiyo yako inayochosha." Na Kiboko yuko palepale katikati yao, flashi yake imechomekwa, kidole bado kiko kwenye E.

Fundisho lake, wajukuu: mtu mnene akikuletea kinga ya bure, usimuulize kitu, ni utovu wa adabu. Pokea, shukuru, kisha anza kulima maboga.

Hadithi imefika, imeketi, imevua viatu. Ikikupendeza, ibebe. Isipokupendeza, niachie, wapo wanaoingoja mlangoni.